Mwendo wa Vitalis

Taa ya kijani iliwaka kifuani mwa mashine. Magoti yake yakapata moto kwa mlio wa chini, kama wa friji iliyochoka, kisha ikauliza swali lake la kila asubuhi.

"Mwendo gani leo?"

"Uleule," alijibu Gaudensia. Alikuwa amepiga goti sakafuni akifunga mkoba, wala hakuinua macho.

Hakuhitaji kuyainua. Mashine ilitoka kwenye kona ya sebule, ikavuka zulia, ikasimama mlangoni. Mtu aliyefumba macho na kusikiliza tu angeapa kwamba mwanamume mrefu amepita hapo, mwanamume mwenye haraka zake lakini asiyependa kuonekana ana haraka. Kichwani ilivaa kofia ya kitambaa, ya kijivu, iliyopauka ukingoni. Kofia ilikuwa ya mwanamume huyo, na mwendo ulikuwa wake. Mwenyewe alikuwa kaburini kwa karibu miaka mitatu.

Mashine za namna hiyo ziliitwa vigamwendo, kwa sababu ziliweza kuvaa mwendo wa mtu kama mtu anavyovaa koti. Ukifungwa vipima-hatua miguuni kwa muda, vilinasa namna unavyokanyaga, unavyokunja goti, unavyotupa mikono. Vikayahifadhi yote hayo, na mashine ikayapokea. Mjini Iringa vilikuwa vimeenea kila mtaa. Mgonjwa aliyelazwa alituma kigamwendo chake sokoni, na majirani wakakisalimia kwa jina lake kabla hakijafika karibu. Usiku vyote viliungana na Ubongo Mkuu, mtambo uliovisimamia nchi nzima, vikapokea masahihisho ili visichakae viungo wala kupoteza nguvu bure. Gaudensia aliyajua hayo vizuri. Alikuwa fundi wa vigamwendo, na mikononi mwake yalishapita magoti mengi ya chuma.

Waliofiwa walipewa ruhusa ya kubaki na mwendo wa marehemu. Kampuni iliuita mwendo wa ukumbusho. Uliokuwa ndani ya mashine hii ulikuwa wa Vitalis Kikoti, mume wa Gaudensia, mpima-njia. Kazi yake ilikuwa kutembea milimani akiwa na vipima-hatua miguuni, ili mashine zijifunze pa kukanyaga, na kusimika vinara, nguzo fupi za kuziongoza. Kinara chake cha mwisho alikisimika juu ya maporomoko ya Sanje, katika milima ya Udzungwa, siku ya mvua. Alipogeuka ateremke, akateleza kwenye jiwe, akaanguka.

Sasa mwendo huo ulikuwa unakaribia kufutwa. Kanuni ilikuwa hivi: mwendo wa ukumbusho ulidumu miaka mitatu. Ukitaka uendelee, ulipaswa kuipeleka mashine mahali marehemu alipopimwa hatua kwa mara ya mwisho, itembee hapo, na ndugu wa karibu athibitishe kwa sauti yake kwamba mwendo ni wa mtu wake. Kwa watu wengi mahali hapo palikuwa uani au kibarazani mwa hospitali. Kwa Gaudensia palikuwa mlimani, juu ya Sanje, na sheria ya msitu haikuruhusu mashine kupita maporomoko bila watu wawili wanaotembea kwa miguu yao wenyewe.

Alimpigia kaka yake. Kaka yake alisema atakuwa naye bega kwa bega, kwa miwani. Wakati huo watu walikuwa wanakwenda kila mahali kwa miwani. Hata kwenye msiba wa Vitalis walikuja hivyo, nyuso nyingi zikielea hewani juu ya jeneza, kila mmoja akitoa pole na kuzima.

"Nataka mtu mwenye miguu," Gaudensia alimwambia.

"Gaude, siku hizi nani ana miguu?"

Ndipo alipomtafuta Otmari.

Otmari Ngonyani alikuwa mpishi wa hospitali huko Songea. Walijuana kwenye Baraza la Watembezi, mtandao wa watu waliopanda milima wakiwa nyumbani kwao. Ulivaa vazi-hisi, na mashine iliyokuwa mlimani ikatembea kwa niaba yako; mteremko uliusikia magotini, upepo ukausikia shingoni. Pamoja walishavuka maua ya Kitulo na kuzunguka ziwa la Ngosi, wakibishana njia nzima, kwa sababu yeye alikuwa Mngoni na Gaudensia Mhehe, na watani wa namna hiyo hawajui kunyamaza. Lakini Barazani watu hawakuonana sura. Ulichokiona ni mashine ya mwenzako, sauti yake na mwendo wake.

Na tangu siku ya kwanza Gaudensia aliingia Barazani kwa mwendo wa Vitalis.

Hakumwambia Otmari. Mwanzoni ilikuwa kwa sababu hakutaka kumwambia mtu yeyote. Baadaye alizoea, na jambo likawa limepita wakati wake wa kusemwa.

*

Treni ya sumaku iliwashusha Mang'ula jua likiwa limeshapanda kiasi. Upande mmoja wa kituo lilianza bonde la Kilombero, mashamba ya miwa mpaka macho yachoke. Upande wa pili milima ilisimama ghafla, ukuta wa kijani kibichi uliojifunga mawingu shingoni.

Gaudensia alitanguliwa na mashine kwenye ngazi, naye akabaki nyuma akihangaika na mkanda wa mkoba. Alipoinua kichwa alimwona mwanamume mfupi, mnene, mwenye ndevu zenye mvi, ameshika fimbo na kapu. Macho yake yalikuwa chini, yakipekua miguu ya abiria. Yakaiona mashine. Uso ukamchanua.

"Mhehe!" Aliiendea mashine mikono ameitanua, akaikumbatia kofia na chuma kwa pamoja. "Na wewe, kweli, umekuja umevaa bati kutoka juu mpaka chini? Unaniogopa mimi au unaogopa mbu?"

Mashine ilisimama kwa adabu, kama ilivyofundishwa.

"Otmari," Gaudensia aliita kutoka nyuma.

Aliitambua sauti. Akageuka, akamtazama mwanamke aliyekuwa anakuja kwa hatua fupifupi, vidole vya miguu vikiangalia ndani kidogo. Akaitazama tena mashine. Mikono yake ikashuka polepole.

"Sauti ni yako," alisema. "Miguu si yako."

"Ni mimi, mtani."

"Mimi mtani wangu namjua kwa miguu. Huyu hapa," alikigusa kigamwendo begani, "ndiye Mama Punda wangu wa Barazani, niliyepanda naye Ngosi. Wewe umetokea wapi?"

Gaudensia alicheka kidogo, kicheko cha kufunika kitu. "Mashine ndiyo inayobeba mwendo wangu wa Barazani. Nitakueleza njiani. Umekula?"

"Mngoni huulizwa amekula?" Alifunua kapu: viazi vitamu vya kuchemsha, karanga, chupa ya chai. "Nimeleta na chako. Najua Mhehe anaposafiri hutegemea mbwa atakaowakuta njiani. Lakini nimeulizia hapa kijijini, wote wamefungiwa ndani tangu asubuhi. Wamepata habari zako."

"Afadhali mbwa ana mwili. Wewe panya unamshibaje?"

"Kwa kumla na mkia." Aliinua mkoba wake mgongoni, akaanza kwenda, kisha akasimama kuiangalia mashine ikipita mbele yake. "Hata hivyo umenyooka siku hizi, Mama Punda. Zamani ulikuwa unatembea kama mlevi anayekwenda kuungama. Nilidhani goti limepona."

Gaudensia hakulitilia maanani neno hilo. Mawazo yake yalikuwa juu, kwenye kinara.

*

Msitu uliwameza mara moja. Njia iliyokuwa ikipitiwa na wapandaji kila siku, zamani, sasa ilikuwa mstari mwembamba tu ulioachwa na nyayo za mpira za mashine, na majani yalishaanza kuudai. Mbega walirukaruka juu yao, weusi wenye mabega meupe, wakitingisha matone ya umande. Hondohondo alipita na mlio wa mabawa kama wa mtu anayekung'uta mkeka. Gaudensia alikuwa ameshayaona haya yote Barazani, tena mara nyingi, lakini hakuna aliyemwambia kwamba msitu una harufu mbili, moja ya uozo na moja ya kitu kama tangawizi, na kwamba zinapokezana kila kona.

Otmari alihema kama mvukuto. Kila baada ya mwendo mfupi alisimama akasingizia kutazama maua.

"Ukitaka tupumzike sema," Gaudensia alimwambia.

"Nani amechoka? Naangalia mmea huu. Nyumbani tunauweka kwenye mchuzi."

"Huo ni upupu, Otmari."

Aliurudisha mkono wake taratibu. "Ndiyo maana mchuzi wetu unasifika."

Maporomoko waliyasikia kabla ya kuyaona. Kisha miti ikaachana, na Sanje ikawa mbele yao: maji yakishuka kutoka mbinguni kama uzi mweupe, yakivunjika juu ya mwamba, yakijikusanya, yakianguka tena, mpaka dimbwi la kijani lililokuwa miguuni pao. Vinyunyu viliwalowesha nyuso. Otmari alivua viatu, akatumbukiza miguu, akatoa sauti ya mtu aliyesamehewa dhambi.

Hapo ndipo Gaudensia alipomweleza. Alimweleza akiwa ameketi juu ya jiwe, kiazi mkononi, bila kupamba. Mwendo ambao Otmari aliuona Barazani miaka yote haukuwa wake yeye Gaudensia. Ulikuwa wa mumewe. Mumewe alifia huko juu, kidogo tu kutoka hapo walipoketi. Na leo amekuja kuuhuisha usifutwe.

Otmari aliacha kutafuna.

"Yule aliyekuwa anatembea na mimi ni marehemu?"

"Sauti ilikuwa yangu. Maneno yalikuwa yangu."

"Lakini miguu niliyokuwa naicheka." Aliitoa miguu yake majini, akaiweka juu ya jiwe pamoja, kama mtu aliyeitwa mbele. "Gaude. Nimeiiga miguu hiyo mbele ya watu. Jikoni kwangu, wapishi wote wanaujua mwendo wa Mama Punda. Nikifika asubuhi wananiambia, hebu mlete Mhehe, nao wanacheka mpaka wanaunguza uji. Nimemcheka marehemu wa watu miaka mitatu."

"Hukujua."

"Sikujua. Na wewe ukaninyamazia."

Maji yalinguruma. Gaudensia alikimenya kiazi, ganda likaanguka, hakukila.

"Watani wenu walifanya nini msibani?" Otmari aliuliza baadaye.

"Hawakuja. Mmoja alitokea kwenye miwani akaanza mzaha, maneno yakawa yanachelewa kufika, watu hawakuelewa. Shemeji yangu akamzima."

"Alizimwa." Otmari alitikisa kichwa. "Mtani anazimwa."

Gaudensia alikumbuka msiba wa bibi yake huko Kilolo, alipokuwa msichana. Mama mmoja wa Kingoni alifika amevaa gauni la marehemu, akaigiza jinsi bibi alivyokuwa anakagua sufuria za watu, kisha akashuka akalala kaburini, akasema hatoki mpaka apewe kitu. Mama yake Gaudensia, ambaye alikuwa hajatoa machozi wala neno kwa siku nzima, alicheka. Kicheko kikageuka kilio hapohapo, kama nguo inavyogeuzwa upande wa pili. Baada ya hapo aliweza kula.

Yeye mwenyewe, kwa Vitalis, hakucheka wala hakulia. Alirudi nyumbani, akawasha mashine.

"Tukifika juu nitafanya nini?" Otmari aliuliza.

"Utakuwa shahidi tu. Sheria inataka watu wawili."

"Basi, twende tukaonwe na sheria," alisema, akavaa viatu.

*

Kutoka maporomoko njia ilipanda kwa hasira. Palikuwa na mizizi badala ya ngazi, na mahali pengine kamba ya zamani iliyofungwa kwenye miti. Gaudensia alitangulia. Mapaja yalimwaka moto ambao vazi-hisi halikuwahi kumpa, kwa kuwa vazi lilitengenezwa na watu waliojali wateja wao. Hakusimama. Tangu nyumbani alikuwa amejiambia kwamba hatasimama mpaka akione kinara, na hakuwa mtu wa kujidanganya.

Wakatokeza juu ya mwamba mpana, mwekundu, mtupu. Chini yao bonde la Kilombero lilikuwa limetandikwa lote: miwa, mto uliojipindapinda kama uzi ulioanguka, treni nyembamba kama sindano ikiushona upande mmoja wa nchi na mwingine. Mbele yao mwamba uliinuka mara ya mwisho, mteremko mfupi unaoweza kupandwa kwa miguu tu, na mwisho wake kikasimama kinara, nguzo fupi ya kijivu yenye jicho la buluu. Kando ya kinara mwamba ulikatika.

Gaudensia aliitazama sehemu hiyo iliyokatika, kisha akaacha kuitazama.

"Ni hapa," alisema. "Mashine inatakiwa ipande kutoka hapa mpaka kwenye kinara. Kinara kinapima. Halafu nathibitisha."

"Naomba kitu kimoja kwanza," Otmari alisema. Jasho lilikuwa linamtiririka ndevuni. "Mimi ni mtani. Kilichonifikisha hapa si sheria ya msitu. Nimemcheka huyu bwana nikiwa sijui kwamba ni msiba. Niache nimcheke nikijua. Ukisema hapana, nitakaa hapa chini na kula karanga, wala sitanuna."

Gaudensia aliuweka mkoba wake chini. Upepo ulipita.

"Fanya," alisema.

Otmari aliiendea mashine, akaivua kofia ya kijivu, akaivaa mwenyewe, akaishusha mpaka nyusi. Akasimama chini ya mteremko. Akavuta pumzi.

Kisha akajipiga paja la kulia kwa kofi, *pa*, kama mtu anayemwamsha punda aliyegoma, na ndipo akaanza kupanda.

Gaudensia alishika mdomo.

Yule mtu mfupi, mnene, alikuwa amerefuka. Kisigino chake cha kushoto kiliburuta nukta moja kabla ya kuinuka, *kwaa*, kikakwaruza mwamba. Mkono wa kulia ulibaki nyuma, kiganja wazi, kama anamvuta mtoto asiyetaka kuja. Shingo ilitangulia, tumbo likafuata kwa shingo upande. Alikuwa amevitia vyote chumvi, amevikuza mpaka vikawa kichekesho, na bado alikuwa Vitalis. Alikuwa Vitalis anayerudi kutoka kazini akiwa na habari ambayo hataki kuitoa mara moja. Katikati ya mteremko, mahali paliponyanyuka kidogo, akasimama, akajipiga paja tena, *pa*, akaendelea.

Gaudensia alikuwa amelisahau kofi hilo. Kwa miaka kumi na moja ya ndoa alimwambia aliache, watu wanaangalia. Halafu Vitalis akafa, na yeye akalisahau.

Otmari alifika kwenye kinara. Akaitazama ile sehemu iliyokatika, akapiga hatua kuelekea huko, na kabla Gaudensia hajaweza kupiga kelele akajilaza chali juu ya mwamba, mikono kifuani, kofia juu ya uso.

"Sitoki hapa," sauti ilitoka chini ya kofia. "Sitoki mpaka nilipwe. Marehemu huyu alinitembeza milima yote, hakunipa hata kiatu. Wahehe nyinyi ni wachoyo mpaka kaburini. Nileteeni mbwa mzima hapa, la sivyo nalala na mtu wenu mpaka asubuhi, na mimi nakoroma."

Kicheko kilimtoka Gaudensia bila kuombwa ruhusa. Kilimtoka kwa nguvu, kikamkunja, akashika magoti, akaendelea kucheka huku akipanda kwa miguu na mikono, na alipofika juu hakikuwa kicheko tena. Alikaa chini kando ya Otmari, akalia kwa sauti, mdomo wazi, kama watu walivyokuwa wakilia zamani. Otmari hakumgusa. Alibaki amelala hivyohivyo, amefunika uso, kama kazi yake inavyotaka.

"Unataka nini?" Gaudensia alimwuliza alipoweza kusema.

"Kofia hii."

"Chukua."

Ndipo akainuka.

*

Jicho la kinara liliwaka. Gaudensia alijifuta uso kwa kanga, akashuka kidogo, akaiashiria mashine ije.

Na kwa mara ya kwanza baada ya muda ambao hakuweza kuukumbuka, aliiangalia.

Ilipanda vizuri. Haikujipiga paja. Haikusimama popote. Kisigino cha kushoto kiliinuka sawasawa na cha kulia, bila kukwaruza, na mikono yote miwili ilibembea mbele na nyuma kwa kipimo kimoja. Kilichobaki kilikuwa kitu kidogo tu, namna ya bega, ule urefu wa hatua. Ilikuwa kama wimbo uliopigwa na mtu aliyeusikia kwa jirani.

Alielewa mara moja, kama fundi anavyoelewa goti kwa kuliona likikunjwa. Kisigino kinachoburuta kinakula soli. Kofi la paja ni nguvu inayopotea. Mkono unaobaki nyuma unaharibu mizani. Usiku baada ya usiku Ubongo Mkuu uliulinganisha mwendo wa Vitalis na miendo ya nchi nzima, ukakuta kasoro, ukazipunguza kidogo kidogo, kiasi ambacho mtu hawezi kukiona kati ya leo na kesho. Yeye mwenyewe alikuwa akifanya kazi hiyo mchana, kwenye mashine za watu wengine. Barazani alitazama mbele, hakujiona. Nyumbani alisikiliza tu, akifunga mkoba. Aliyekuwa anatazama miguu alikuwa Otmari, kwa ajili ya kuicheka.

"Mwendo umepimwa," kinara kilisema. "Je, huu ni mwendo wa Vitalis Kikoti? Thibitisha kwa sauti yako."

"Ule wa kwanza upo?" Gaudensia aliuliza. "Uliopimwa hapa."

"Mwendo wa kwanza umeboreshwa."

"Nauliza kama upo."

"Umeboreshwa."

Otmari alisogea, fimbo mkononi. Hakuelewa yote, lakini alielewa kiasi. "Gaude, huna haja ya kuamua kwa hasira. Kidogo ni bora kuliko..."

"Sina hasira." Na kweli sauti yake haikuwa na hasira. Ilikuwa ya mtu aliyepanda mlima akafika. "Nikisema ndiyo, wataendelea kumnyoosha. Siku moja atatembea kama kila mtu, nami nitakuwa nasema ndiye."

"Thibitisha kwa sauti yako," kinara kilirudia.

"Hapana," alisema Gaudensia. "Si yeye."

"Mwendo hautahuishwa. Utafutwa sasa."

Jicho la buluu lilizimika. Mashine ilitetemeka kidogo magotini, kama mtu anayeshusha mzigo, ikabaki imesimama kwenye upepo, kichwa wazi. Gaudensia alisubiri kitu kimwangukie. Bonde lilikuwa palepale, na treni ilikuwa inarudi.

"Mwendo gani?" mashine iliuliza.

"Wako."

"Sina wangu. Nina wa kiwandani."

"Basi huo. Beba mikoba, tunashuka."

Mashine ilibeba mikoba, ikaanza kushuka kwa hatua ngumu, sawasawa, kama mtu aliyeshika sinia limejaa vikombe. Otmari aliitazama, akashindwa kujizuia.

"Huyu sasa ndiye Mhehe mwenyewe," alisema. "Ameibiwa mbwa, anaona aibu kupiga kelele."

"Tangulia, Mngoni. Unaziba njia."

Alitangulia. Kofia ya kijivu ilikuwa bado kichwani kwake, imemkaa vibaya. Kwenye mwinuko mdogo kabla ya mizizi kuanza alisimama, akamtupia jicho nyuma kama anayeomba ruhusa, na Gaudensia akaitikia kwa kichwa. Akajipiga paja, *pa*, akaendelea mbele, mkono mmoja nyuma, kiganja wazi.

Gaudensia alimfuata akimtazama miguuni. Hakuondoa macho hata kidogo.

"Kisigino," alisema. "Cha kushoto, Otmari. Umekisahau."

Na Otmari akakiburuta.